Maswali ya wasomaji: Taji la yaya wetu

Swali. Yaya wetu, yaani dada mkubwa aliyetufundisha kusuka, hapa Kadutu, Bukavu, ametutoka. Hakuwa mtu wa kufungwa kamba. Jua likimpendeza alifunga saluni saa sita mchana akashuka ziwani, na mteja aliyeleta picha akisema "nisuke hivi" alirudishwa nyumbani. Siku ya kumaliza kilio, sisi wanafunzi wake wanne tunataka kuvaa taji lake la uzi, ule mtindo wa nywele zilizofungwa kwa uzi na kupindwa kuelekea utosini. Tulijaribu kwa mdogo wetu: tuliosha nywele asubuhi, tukapaka mafuta, tukafunga kwa uzi wa cherehani. Jioni taji lililegea, na kwenye kipaji akatoka vipele. Tulikosea wapi? Vyombo vyake tuvigawe vipi? Tena wakubwa wa familia wanataka hotuba iseme alikuwa mtulivu. *Wanne wa Kadutu*

Jibu. Poleni sana kwa msiba.

Tuanze na vipele, maana hivyo haviwezi kungoja. Mfungueni huyo mdogo leo, kuanzia ncha kwenda shinani, kwa vidole. Wembe msiuguse, hukata nywele pamoja na uzi. Asivutwe nywele za mbele mpaka ngozi ipone kabisa. Vikitoka usaha, aende kituo cha afya. Shina likivutwa mara kwa mara, nywele za kipajini hukimbia na nyingine hazirudi tena.

Makosa yenu yalikuwa matatu, na yalisaidiana. Nywele mbichi hunyumbuka. Mkizifunga hivyo, zikikauka hujikunja, na mvuto wote unaangukia shina. Mafuta mengi yaliutelezesha uzi. Na uzi wa cherehani ukiwa mmoja hukata kama waya.

Osheni siku moja kabla, nyosheni kwa mabutu sita au manane makubwa, zilale hivyo usiku kucha. Msimu wa mvua Bukavu nywele hudanganya: juu kavu, ndani bado unyevu. Ingizeni kidole mpaka kwenye ngozi ya kisogoni kabla ya kuanza. Mafuta yapakwe kidogo kwenye ngozi tu.

Tafuteni sokoni uzi mnene mweusi wa kusukia. Mkiukosa, unganisheni nyuzi tano za cherehani ziende pamoja. Kwa nywele za sentimita 15, kila fungu linataka mita moja na nusu. Mafungu 24 ni mita 36, na ongezeni kidogo kwa kufungia.

Gaweni kichwa: mafungu 12 kuzunguka, 12 ndani. Nywele laini za ukingoni, upana wa vidole viwili, ziacheni nje. Lazeni mkia wa uzi sambamba na nywele, kisha zungusheni mara tano karibu na ngozi, juu ya mkia huo huo, ili ujibane wenyewe. Hapo ndipo taji linaposhikwa. Mizunguko hiyo iguse ngozi bila kuinyanyua. Mwambieni anayesukwa apandishe nyusi: akisikia maumivu, fungueni fungu hilo mara moja. Maneno ya "litalegea lenyewe kesho" msiyasikilize. Kutoka hapo pandeni kwa nafasi ya milimita tatu, sawasawa. Nafasi ikipanuka katikati, fungu litavunjika shingo mahali hapo hapo mnapolipinda. Nchani pitisheni uzi mara mbili ndani ya kitanzi, kazeni.

Kupinda kunafanywa mwisho, mafungu yote yakiwa tayari. Kila fungu la pembeni liinamishwe kuelekea utosini, ncha yake ifungwe kwa uzi mfupi kwenye fungu la ndani, upana wa kidole kimoja juu ya ngozi. Tao libaki limelegea kiasi cha kupitisha kidole chini yake. Sukaneni jana yake, si asubuhi ya shughuli mkiwa na haraka, na fungueni kabla wiki haijaisha.

Vyombo: vitana vya plastiki vioshwe kwa sabuni, vilowe dakika kumi katika maji ya javeli (dawa ya kung'arishia nguo), kipimo kimoja kwa tisa za maji, kisha visuuzwe. Mkasi na meno ya mashine ya kunyolea visilowe, vitashika kutu. Futeni kwa alikoli, halafu tone la mafuta. Kabla ya kugawana, someni daftari lake. Kama kuna mteja aliyelipia meshi (nywele za bandia) na yaya akafa kabla ya kumsuka, hilo ni deni, na linatoka kwanza.

Kuhusu hotuba, tuko upande wenu. Wateja wake watakuwa wamekaa pale. Wakisikia "mtulivu" watatazamana wakidhani wamekosea kilio. Andikeni kurasa mbili, zaidi ya hapo watu huanza kuhesabu viti. Wekeni alipozaliwa, nani alimfundisha, mlango uliofungwa saa sita, picha zilizorudishwa, na taji lilianzaje. Kwa heshima ya wakubwa, wapelekeeni karatasi siku mbili kabla, wasiisikie mara ya kwanza mbele za watu. Asome mmoja wenu mwenye taji kichwani, na asome kabla chakula hakijatoka.