Uliza Nani Mwingine Anaumwa Nyumbani

Mdogo wangu, umepangiwa kituo cha afya ambacho gari la wagonjwa linakifikia kwa saa tatu, tena kama mvua haijanyesha. Hongera. Mafunzo ya magonjwa ya mlipuko utaitiwa: utavaa lile vazi la kujikinga, utapigwa picha, utasaini posho. Nenda, ni mafunzo mazuri. Ila ujue mlipuko haufiki kituoni ukiwa umejitambulisha. Unafika Jumatatu saa nne asubuhi, foleni imejaa hadi nje, na malalamiko yake ni homa, kichwa na viungo. Yaani unafika ukifanana na malaria.

Mimi nilifundishwa na kimeta, ugonjwa wa mifugo unaowapata na watu. Mwaka wangu wa kwanza tulipokea watu wanne wa kitongoji kimoja ndani ya siku nne. Wa kwanza nilimwona mwenyewe: kijana mwenye kidonda mkononi, katikati cheusi kama mkaa, pembeni kumevimba, na cha ajabu hakimuumi. Nikaandika "jipu", nikampa dawa, akaondoka. Wa pili alionwa na tabibu mwenzangu, wa tatu na muuguzi wa zamu ya usiku. Kila mmoja akaandika lake: kidonda, kuumwa na mdudu. Wa nne alikuwa mama mmoja mtu mzima. Nimeshashika kalamu, akasema, "Daktari, hii si ni ile nyama?"

Ng'ombe wa jirani alikufa ghafla, damu ikamtoka puani, wakamchuna na kugawana. Kitongoji kizima kilijua. Afisa mifugo wa kata alijua. Asiyejua alikuwa mimi, mwenye shahada.

Tangu siku ile, mgonjwa yeyote wa homa au kidonda nisichokielewa namuuliza: nani mwingine anaumwa nyumbani? Mlikuwa na msiba? Kuna mnyama amekufa? Umelala wapi wiki tatu hizi? Nasema wiki tatu kwa sababu Ebola na ndugu yake Marburg, homa za virusi zinazoua, zinaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla dalili hazijaonekana. Maswali yote hayo ni dakika moja. Lakini usiulize kama fomu inavyouliza, "una historia ya kusafiri?" Atajibu hapana. Kwake kwenda mnadani si safari, na kuvuka mpaka kwenda kwa shangazi yake ni kwenda nyumbani tu.

Halafu kuna kipimo cha malaria. Kikisoma hasi, mkono wako utavutwa kwenye antibayotiki, mgonjwa aondoke, mwingine aingie. Usimwache aende bila kufikiri tena. Hasi maana yake ni kwamba homa ile ina jina lingine na bado hujalijua. Julai 2022, huko Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuja na homa, kichwa na damu puani. Vipimo vya Ebola na Marburg vikasoma hasi. Ikaja kugundulika ni homa ya mgunda, ile inayotokana na bakteria wa kwenye mkojo wa wanyama kama panya. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakafariki. Ugonjwa huo unatibika kwa dawa za kawaida kabisa, mradi kuna mtu amekataa kuridhika na neno "homa".

Kagera wameuona upande mkali zaidi. Machi 2023, Bukoba Vijijini, Marburg iliwapata watu 9 na kuua 6, akiwamo mhudumu wa afya. Januari 2025 ikarudi mkoa uleule, Biharamulo, na watu 10 waliohesabiwa wote wakafa. Nakukumbusha jambo moja ambalo mabango hulificha: siku za mwanzo mgonjwa wa Marburg havuji damu. Ana homa, amechoka, baadaye anatapika na kuhara. Ukisubiri damu, utakuwa umeshamshika mara ngapi bila glovu?

Kitabu cha MTUHA, yaani rejista tunayoandikia kila mgonjwa, usikiandike kwa ajili ya wakaguzi. Sisi tulikuwa na wagonjwa wanne wa kimeta mle ndani, lakini kila mmoja alisimama peke yake kwa sababu hakuna aliyesoma mistari ya juu. Siku hizi kila Ijumaa jioni nakaa na kitabu cha wagonjwa wa nje na kusoma safu moja tu, ya kijiji. Sisomi ugonjwa kwanza. Kijiji kikijirudia kuliko kawaida, ndipo macho yanahamia pembeni, kwenye safu ya ugonjwa.

Ukishuku, piga simu kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya siku ileile. Magonjwa ya kutolewa taarifa haraka yana saa 24, na saa hizo zinahesabiwa tangu uliposhuku. Majibu ya maabara hayasubiriwi. Hapa sikudanganyi: kuna siku nilipiga, mkubwa mmoja akaniambia nisiwatie watu hofu. Sampuli ikaenda, ikarudi hasi, nikaitwa "Daktari Ebola" miezi miwili. Niliumia. Ila ningepiga tena. Wakikukatisha tamaa huko, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure.

Vifaa havitatosha, hilo tukubaliane nalo mapema tusipoteze muda kulalamika. Chagua sasa hivi, kabla ya mgonjwa, ni chumba gani kitakuwa cha kumtenga mtu na atatumia choo kipi. Kama chumba hakuna, turubai chini ya mwembe linafaa kuliko benchi la wodini. JIK, ile dawa ya klorini, ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, inakupa dawa ya asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu na matapishi. Soma lebo kwanza, maana nguvu zinatofautiana, na changanya upya kila siku. Ya kunawia mikono ni hafifu mara kumi.

Na ukifundisha kuvaa na kuvua vazi la kujikinga, tumia muda mwingi kwenye kuvua. Watu huchafuka pale, wamechoka, jasho linatiririka, wanataka kutoka haraka. Mwite pia mama wa usafi na mlinzi wa getini. Mama ndiye anayedeki matapishi kabla wewe hujafika kazini. Mlinzi ndiye anayeona nani kabebwa kwenye machela, nani kashushwa kwenye bodaboda hawezi kusimama. Kwetu mlinzi ana namba yangu na ruhusa ya kunikatiza hata nikiwa na mgonjwa. Mara moja alinikatiza kwa ajili ya mlevi. Tulicheka, na ruhusa sikumnyang'anya.

Yule afisa mifugo naye namba yake ninayo. Huwa nampigia hata kama sina mgonjwa, namuuliza tu ng'ombe wanaendeleaje.