Kabla hujatafuta asili ya jina la ukoo wako, waulize akina mama

Mwaka 2009 nilipanda basi la Moshi nikitokea Dar es Salaam, nikakaa jirani na kijana mmoja. Kwenye tiketi yake nikasoma jina la ukoo wetu. Nikamwuliza kwao wapi, akageuka kunijibu akitabasamu, na hapo nikaona meno ya kahawia, yaleyale ya baba yangu, yaleyale ya baba zangu wadogo na shangazi zangu. Nyumbani tulikuwa tukisema hayo ndiyo meno ya ukoo. Basi halijafika Same tulikuwa tumeshaitana kaka na dada.

Tuliachana Moshi mjini tukiwa tumeahidiana kuwauliza wazee. Yeye watu wake ni wa Machame. Sisi ni wa Kilema, upande mwingine kabisa wa Mlima Kilimanjaro. Wazee wake hawakumjua hata mtu mmoja wa kwetu, na wa kwetu hawakumjua hata mmoja wa kwao. Jina lilikuwa moja tu. Ukiwa Mchaga jambo hili halikushangazi sana: jina la ukoo unalikuta Kibosho, unalikuta Rombo, na kila watu wana masimulizi yao ya walikotoka. Wengine ni ndugu kweli waliotengana zamani. Wengine wamekutana kwenye jina kama watu wanavyokutana stendi.

Na meno je? Jibu lilikuwa kwenye maji. Babu alihama Kilema kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru, na watoto wake wote wakakulia kule. Yule kijana naye alikulia Usa River. Maji ya maeneo yale hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini mengi ya floraidi, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, meno hutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika. Babu mwenyewe, aliyekulia Kilema, alikufa na meno meupe. Tulikuwa na picha yake ukutani miaka yote, amecheka, na hakuna aliyejiuliza.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wengi wanaoniandikia huanza pale nilipoanzia mimi: jina linafanana, sura inafanana, basi ni ndugu. Usikimbilie hapo. Kabla hujasema jambo ni la damu, uliza kwanza ni nani kati yenu hana, na alikulia wapi. Kama wenye alama hiyo ni wale tu waliokulia mahali pamoja, tazama maji, chakula na kazi za mahali hapo.

Kwenye jina lenyewe, ushauri wangu wa kwanza ni kulitafuta kwa kila namna linavyoweza kuandikwa. Majina mengi ya Uchagani yana herufi mbili mahali ambapo Kiswahili kingeweka moja: Massawe, Urassa, Mallya. Mjerumani akiona s moja kati ya irabu mbili huisoma z, kwa hiyo akitaka s ataandika mbili, na nadhani tahajia nyingi za namna hiyo zimetoka huko. Ukitafuta Massawe peke yake utamkosa Masawe. Halafu kuna wale ambao jina la ukoo halikuandikwa kabisa. Mdogo wake babu aliandikishwa shambani kwa jina la baba yake, likabaki hilo kwenye kipande, kadi yake ya kazi, kisha likaenda kwa watoto wake shuleni. Leo wajukuu wake wanatumia jina ambalo wageni hudhani ni ukoo mwingine. Tumechimba nao makaburi pamoja, tumekula nao ndafu, lakini kwenye karatasi sisi na wao hatuhusiani.

Ndiyo maana karatasi zinakuja baadaye. Kwanza ni wazee, na kwetu wakati wake ni Desemba, tunapopanda nyumbani "kuhesabiwa" kama watani wetu wanavyosema. Usiende na dodoso. Nilienda nalo mara ya kwanza, nikarudi na majibu ya ndiyo na hapana. Mwaka uliofuata nilikaa na meku mmoja, yaani mzee, kihambani kwake kwenye migomba, pombe ya mbege ikiwa mezani, nikamwomba anionyeshe mipaka. Alipokuwa akinionyesha isale, mmea wetu wa mpakani, moja baada ya nyingine, kila isale ilikuja na mtu: huyu aligawiwa hapa, yule aliuza akaenda Mwika, yule alizikwa pale. Nilipata vizazi vinne kwa kutembea nusu saa. Miaka usiwadai, wao huipima kwa matukio. Mzee akikwambia mtu fulani alikuwa kijana wakati Wajerumani walipomnyonga Meli, mangi (chifu) wa Old Moshi, umepata mwaka: ni 1900. Akisema alipanda kahawa kabla ya KNCU, chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ni kabla ya 1933.

Baada ya wazee nenda kanisani, kama ukoo wako ulibatizwa mapema. Misheni ya Kilema ilianza 1890 na Kibosho 1893. Upande wa Walutheri ni Machame 1893, Mamba 1894, na Kidia kule Old Moshi 1896. Usifike ukadai kufungua vitabu, maana si vya umma. Peleka barua ya jumuiya au ya kigango chako, taja jina la ubatizo na mwaka wa kukisia, uache katibu wa parokia akutafutie. Vitabu vya zamani vya Wakatoliki utavikuta kwa Kilatini, lakini maneno machache yanatosha: filius ni mwana wa kiume, filia ni binti. Na omba pia usomewe yaliyoandikwa pembeni ya ukurasa. Kwa sheria ya Kanisa, mtu akifunga ndoa habari hiyo hurudishwa kwenye kitabu alichobatiziwa. Pembeni pale ndipo nilipompata dada yake babu, ambaye nyumbani walisema tu "aliolewa mbali". Mbali kwenyewe ilikuwa Himo, hapo chini ya mlima tu.

Bibi huyu ndiye aliyenibadilisha. Nilimkuta mwaka 2011, amepita miaka 85, macho yamefifia lakini masikio mazima. Nilimsomea mti wote niliokuwa nimeuandika: mwanaume amezaa mwanaume amezaa mwanaume. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hao wanaume walizaliwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Kwenye daftari langu la kurasa sitini wanawake walikuwa saba, na watatu kati yao niliwaandika "mke" tu. Mimi mwenyewe, binti wa ukoo, sikuwa nimejiandikia watoto wangu, kwa sababu wana jina la baba yao.

Hebu hesabu nawe. Una wazazi wawili, babu na bibi wanne, wazazi wa hao wanane, kisha kumi na sita. Ukifika kizazi cha tano nyuma yako unao watu 32, na jina la ukoo umelipata kwa mmoja tu kati yao. Wale wengine 31 wamekupa sehemu ya kimo chako, ya ngozi yako, ya mwanya kama unao, na ya magonjwa yako, lakini jina halisemi lolote juu yao.

Nikamwuliza bibi juu ya mama yake. Akasema, "Mama alikuwa Mkahe. Baba alimtoa kule chini." Kahe ni tambarare ya kusini mwa mlima, yenye joto, mito na mbu. Mama huyo alibatizwa akiwa ameshaolewa, akaitwa Maria. Baadaye nilimkuta kitabuni: Maria, na neno Kahe. Hakuna jina la baba yake wala la ukoo wake.

Sasa niseme jambo ambalo kwetu lilikuwa halisemwi. Baba yangu mdogo alifanya kazi reli, akaoa Muheza, karibu na pwani ya Tanga. Mtoto wao wa kwanza alikuwa mgonjwa tangu anatambaa: mikono na miguu kuvimba, kuongezewa damu, kulia usiku. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na alifariki akiwa na miaka tisa. Pale nyumbani, kwa zaidi ya miaka ishirini, ilisemwa kwamba mama mdogo ndiye aliyeileta. "Damu ya pwani." Hakuna aliyemwambia usoni, lakini alijua. Desemba zilipita bila yeye kupanda. Na mimi nilikuwa miongoni mwa walioamini.

Selimundu haiji namna hiyo. Mtoto huugua akipokea kinasaba chake, yaani chembe ya urithi, kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Anayepokea upande mmoja tu ni mbebaji, na kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kuugua. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za mbebaji, na moja kati ya nne ya mtoto asiye nacho kabisa. Kwa hiyo siku ile daktari alipotaja jina la ugonjwa, ilikuwa imeshajulikana kwamba baba mdogo naye anabeba. Hatukuuliza.

Nilipopata mimba ya pili nilipimwa, nikakutwa mbebaji. Mume wangu hakuwa nacho, nikashukuru, halafu nikaanza kufikiri. Baba yangu na baba mdogo wamechangia baba tu, maana babu alioa tena baada ya mke wake wa kwanza kufariki. Mama yangu alipimwa, hana. Kwa hiyo nimekipata kwa baba, na ikiwa baba anacho na mdogo wake wa mama mwingine anacho, njia inapita kwa babu. Nikarudi Himo. Mjukuu mmoja wa yule bibi naye alikuwa mbebaji, na wazazi wa mume wa bibi walikuwa watu wa juu mlimani siku zote. Kinasaba hiki kimeenea zaidi kwenye nchi zenye malaria nyingi, kwa sababu mbebaji hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ukiiweka habari hiyo kando ya Kilema yenye baridi na Kahe yenye mbu, utaona kwa nini sisi tunamwangalia Maria. Na simwangalii kwa lawama. Kitu kilekile kilichomwumiza mjukuu wa mwanawe huenda ndicho kilichomvusha yeye utotoni.

Mwaka 2014 baba mdogo alisimama mbele ya ukoo wakati wa Krismasi akasema haya kwa kinywa chake. Mama mdogo alikuwepo. Hakusema neno. Aliomba tu maji ya kunywa, na shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa wa kwanza kusema "damu ya pwani", ndiye aliyeinuka kwenda kuyaleta.

Basi, ukitengeneza mti wa ukoo wako, kila jina la mwanaume lipe mama, hata kama utaandika mahali alikotoka tu. Pembeni andika magonjwa yanayojirudia, pacha waliozaliwa na kwa mama yupi, watoto waliozaliwa na ualbino. Ualbino nao huhitaji pande mbili, na mwanamke huachwa peke yake na lawama vilevile. Usiandike "laana" wala "mkosi". Andika kilichoonekana, umri na mahali. Kwa selimundu, vijana wa ukoo wapimwe kabla ya kuoa au kuolewa, ni kipimo cha damu cha kawaida kwenye hospitali kubwa kama KCMC.

Kuhusu vipimo vya vinasaba vya kutafuta undugu, najua vinavutia. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu manane yaliyochukuliwa wakati wa Wajerumani vimelinganishwa na vya watu walio hai huku kwetu. Moja, la mshauri wa Mangi Meli, lililingana na la mzao wake, na mengine mawili yalikaribia sana. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwamo. Nilisoma habari ile nikalia. Lakini angalia ilivyowezekana: fuvu lile lilikuwa na neno "Akida", cheo cha msaidizi wa mtawala, limeandikwa juu yake, na huku nyumbani kulikuwa na familia iliyokuwa bado inamkumbuka. Kumbukumbu ndiyo iliyowaambia wamtafute nani. Vinasaba vikaja kuthibitisha.

Tena kipimo cha namna hiyo kinaweza kufichua baba asiye baba. Kabla hujamwomba mzee wa miaka themanini mate yake, mwambie kinachoweza kutokea, na ukubali akikataa. Kwa Tanzania ipo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye msimamizi wake. Ukiwa na shauri la uzazi, pitia mahakamani, ustawi wa jamii au kwa wakili.

Daftari langu sasa ni la tatu. Wanawake wamefika arobaini na mmoja. Maria bado hana baba wala mama kwenye mti, ila mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu. Kuna mzee mmoja Kahe, anasema, ambaye kwao husimuliwa binti aliyepandishwa mlimani na hakurudi. Tunashuka naye Jumamosi baada ya Krismasi, mimi na yeye. Amesema atabeba picha ya mwanawe.