Kodi Ndogo, Safari Ndefu: Maswali Yenu Kuhusu Kuhamia Pembezoni

Barua nyingi za toleo hili zimehusu jambo moja: mitaa ya pembezoni, ile ambayo kodi inavumilika lakini kila alfajiri wakazi wake wanaelekea mjini. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mimi na mume wangu sote tunafanya kazi katikati ya mji. Tumepata nyumba pembezoni ambayo kodi yake ni pungufu kwa asilimia 40 ya tunayolipa sasa. Ndugu wanasema tunachelewa. Tuhame?

JIBU: Dada, kabla ya kufunga mizigo shika kalamu. Kodi mnayolipa sasa iite 100. Kule ni 60, kwa hiyo mnaokoa 40 kila mwezi. Sasa njoo kwenye nauli. Mwezi wenye siku 22 za kazi una safari 44 kwa mtu mmoja, kwenda na kurudi. Tuseme kila safari itaongeza gharama ya 0.5 kwa kipimo hicho hicho. Hiyo ni 22 kwa mmoja na 44 kwa wawili. Mmeokoa 40, mmetoa 44. Nyumba ile ile, kama msafiri angekuwa mmoja tu, ingewaachia 18.

Kodi hulipwa mara moja kwa nyumba nzima, nauli hulipwa kwa kichwa. Wenye nyumba moja na mishahara miwili ndio wanaoumia zaidi hapa, na mtoto akianza shule ya mjini kinakuwa kichwa cha tatu.

Panapouzwa tiketi ya mwezi, gawanya bei yake kwa nauli ya safari moja. Jibu likiwa 38, na wewe husafiri mara 34 kwa sababu ya sikukuu na siku za kufanyia kazi nyumbani, lipa safari kwa safari.

Baada ya fedha, pimeni muda. Safari ikiongezeka saa 1 kila upande, mtu mmoja anatoa saa 44 kwa mwezi, yaani zaidi ya wiki nzima ya kazi ya saa 40. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer walipochunguza takwimu za Ujerumani waliona kwamba wenye safari ndefu za kazini, kwa wastani, waliridhika na maisha kidogo kuliko wenye safari fupi, ingawa nadharia ilidai kwamba nyumba nafuu au mshahara mnono ungewafidia. Watu huhesabu kodi kwa makini na saa kwa kukisia. Ninyi hesabuni vyote viwili, na kama kinachobaki ni kidogo, bakini mlipo.

SWALI: Dalali ananiambia kutoka kwenye nyumba hadi mjini ni dakika 40. Nimwamini?

JIBU: Huenda hasemi uongo, ila anapima gari likiwa linatembea, na pengine ni Jumapili. Wewe pima kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kazini.

Anza na miguu. Mtu mzima asiye na mzigo hutembea kama meta 80 kwa dakika, kwa hiyo kituo kilicho meta 800 ni dakika 10. Njia ikiwa ya matope au ya mlima, ongeza. Kisha kuna kusubiri, gari lenyewe, kuunganisha gari la pili kama lipo, na kutembea tena upande wa mjini. Zile 40 hufika 75 bila mtu yeyote kudanganya.

Kusubiri ndiko kunakowapoteza wengi. Tuseme kwa saa moja yanapita magari 6. Yakija kila baada ya dakika 10, utasubiri wastani wa dakika 5. Yakija mawili mawili yakifuatana, kisha kimya kwa dakika 20, wastani unakuwa dakika 10. Magari ni 6 yale yale, kusubiri ni mara mbili. Hali hiyo inajizalisha yenyewe: gari lililochelewa kidogo linakuta watu wengi kituoni, kuwapakia kunalichelewesha zaidi, na la nyuma yake linakuta kituo kitupu, linakimbia hadi linalifikia. Ukiona magari mawili ya njia moja yameongozana, la nyuma likiwa na viti wazi, umeliona tatizo kwa macho yako.

Kwa sababu hiyo, kati ya mtaa wenye usafiri wa kasi unaokuja kila nusu saa na mtaa wenye usafiri wa polepole kidogo unaokuja kila dakika 8, sisi tungechukua wa pili. Ukikosa gari pale, umepoteza dakika 8 tu. Kuunganisha nako kuogope kwa sababu hiyo hiyo: ukichelewa dakika 2 kwa gari la pili linalopita kila dakika 30, zile dakika 2 zimezaa 28.

Kabla ya kulipa chochote, safiri njia hiyo siku za kazi, saa utakayoondoka kweli, na uandike. Ukipata asubuhi 10 ni vizuri, hata zikisambaa wiki tatu, na moja iwe ya mvua. Tuseme umepata dakika 52, 55, 55, 58, 60, 61, 63, 66, 84 na 97. Wastani ni 65, lakini ukiondoka kwa kufuata wastani utachelewa asubuhi 3 kati ya 10. Panga siku yako kwa 84. Hiyo ndiyo safari yako. Dakika 40 za dalali zisahau.

Angalia pia unapandia wapi. Nyumba iliyo karibu na mwanzo wa njia inakupa kiti. Iliyo vituo vitano mbele iko karibu zaidi na mji lakini utasimama safari nzima, au gari litakupita limejaa. Wapo wanaopanda kwanza kurudi mwanzo wa njia ili wageuze nalo wakiwa wamekaa. Ni mbinu nzuri, ila mara nyingi ina nauli ya pili na dakika za ziada, nazo ziingie kwenye hesabu.

SWALI: Tulipokagua nyumba mchana maji yalitoka kwa nguvu. Tumehamia, alfajiri bomba linadondosha tu. Tatizo ni nini?

JIBU: Mtaa mzima unaamka pamoja. Mitaa ya aina hii watu wake karibu wote huondoka ndani ya saa moja na nusu, hivyo wote huoga kwa wakati mmoja. Maji yanapokwenda kwa wingi ndani ya mabomba, msuguano hula presha, na huila haraka: maji yakiongezeka mara mbili, presha inayopotea huwa karibu mara nne. Wanaopata shida kwanza ni wa mwisho wa laini na wa ghorofani, maana kila meta 10 za kupanda huondoa takriban ba 1 ya presha.

Pima: weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba alfajiri, fungua lote, hesabu. Ikijaa kwa dakika 1 au pungufu, mko salama. Ikizidi dakika 2, mmoja akioga hakuna atakayeosha chombo. Kama na mchana pia ni hafifu, mwite fundi kwanza akague vali na kichujio, huenda tatizo liko ndani ya nyumba. Kama ni alfajiri tu, dawa ni tangi linalojaa usiku. Familia ya watu 4 wanaotumia lita 70 kila mmoja inahitaji lita 280 kwa siku, hivyo tangi la lita 500 halijafika siku mbili. Na lisipandishwe juu ya paa bila fundi kukagua: lita 1,000 ni tani nzima, bila kuhesabu tangi lenyewe.

SWALI: Naamka saa 10 na nusu alfajiri, narudi saa 2 usiku. Nimechoka muda wote. Nitazoea?

JIBU: Kuamka utazoea, ukosefu wa usingizi hauzoeleki. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Kwa saa yako ya kuamka, unapaswa kuwa umelala saa 3 na nusu usiku, kwa hiyo jioni yako ni saa moja na nusu tu. Usiijaze kwa kazi za nyumbani. Pasi, mapishi makubwa na kufua viende mwisho wa wiki. Mwombe pia msimamizi wako ubadilishiwe zamu, hata kwa dakika 45: mara nyingi kuingia baada ya foleni kupungua hufupisha safari yenyewe, siyo kuisogeza tu. Usiku unaporudi ukisinzia garini, weka kengele ya simu dakika 10 kabla ya kituo chako.

SWALI: Gari la mwisho ni saa 5 usiku. Linatosha?

JIBU: Panga kurudi na la kabla yake. La mwisho likijaa au likiharibika, hakuna jingine nyuma. Na kabla ya kusaini mkataba, shuka nalo usiku mmoja, utembee hadi kwenye nyumba, uone taa ziko wapi na zinakomea wapi.