Wanyama wangepewa lugha, wangejenga jamii?

Mkuu, umeuliza kama wanyama wangepewa lugha wangejenga jamii kama yetu. Naona umeanzia mkiani. Jamii wanazo tayari. Lugha ndiyo kitendawili.

Chukua tumbili. Mwaka 1980 wanasayansi Seyfarth, Cheney na Marler walichapisha utafiti walioufanya Amboseli, Kenya. Walirekodi milio ya tahadhari, wakaficha spika, kisha wakaipiga bila adui yeyote kuwepo. Mlio wa chui, waliokuwa chini wakakimbilia mitini. Mlio wa tai, wakatazama juu au wakajitosa vichakani. Mlio wa nyoka, wakasimama kwa miguu ya nyuma wakichungulia nyasi. Hizo si kelele za woga tu, kila mlio una maana yake.

Nyuki naye hucheza ndani ya giza la mzinga akitikisa kiuno: pembe ya mchezo inaonyesha maua yako upande gani wa jua, muda wa kutikisa unaonyesha umbali. Karl von Frisch, mwanasayansi aliyefumbua hilo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Lakini nyuki hawezi kuuliza swali. Hana umbea! (Usicheke, kumsema asiyekuwepo ni kazi kubwa ya akili.) Na kujenga si hoja: wapo mchwa wanaolima kuvu ndani ya vichuguu vyao bila kikao hata kimoja.

Mimi ningewapa tumbili maneno mawili tu, "kesho" na "kama". Nadhani wangeanza na ugomvi wa mipaka.