Kabla Hujachukua Fomu ya Uenyekiti wa Kijiji

Juzi kijana mmoja wa huku kwetu alinipigia simu. Amemaliza chuo, ajira hajapata, karudi nyumbani na anataka kuingia kwenye siasa. "Kaka, nianzie wapi?" Nikamuuliza mkutano mkuu wa kijiji chake ulikaa lini mara ya mwisho. Kimya. Kisha akasema, kama mtu anayeona simu imepokelewa na mtu asiye sahihi, kwamba yeye anaulizia siasa, haulizii mikutano. Nimeona nimjibu kwa kuandika, maana salio lingeisha.

Mimi ni mkulima wa korosho, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, mkoa wa Mtwara. Nimekuwa katibu wa tawi miaka kumi na kitu. Chama sikitaji, wanaonijua wanakijua, na wengine hakitawaongezea kitu. Mwaka 2014 niligombea uenyekiti wa kijiji nikashindwa kwa kura 11. Mwaka 2019 jina langu halikufika hata kwenye karatasi ya kura. Ni ushauri wa mtu aliyeanguka mara mbili, kwa hiyo upokee kwa kiasi hicho.

Nianze na anguko la kwanza. Ule ndio mwaka wa Bunge Maalumu la Katiba. Redio zote zilikuwa zinaongea rasimu ya katiba ya Tume ya Warioba, muungano uwe wa serikali mbili au serikali tatu, nani katoka ukumbini na nani kabaki. Na sisi wa Mtwara tulikuwa bado na uchungu wa 2013, bomba la kupeleka gesi yetu Dar. Nikajipanga. Jioni moja ya Desemba nikasimama chini ya mwembe wa shuleni, kipaza sauti cha kuazima, nikahutubia dakika arobaini. Gesi, katiba, muungano, tume huru. Vijana wakapiga makofi. Nikajiona nimeshaapishwa.

Nilipotoa nafasi ya maswali, bibi mmoja aliyekaa kwenye mzizi akainua mkono. "Njomba, hizo serikali mbili na tatu tumezisikia. Salfa yangu iko kwenye ipi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nikacheka, nikasema tukiingia madarakani salfa itapatikana. Nikaendelea na gesi. Leo nikihesabu zile kura 11, nadhani nyingi zilikuwa zimekaa kwenye ule mzizi.

Kwa asiyekulia huku: mkorosho usiopuliziwa salfa kwa wakati unaliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, maua yanakauka, na mwaka wako umekwisha. Mifuko miwili isipofika mwezi wa sita, mtoto mmoja hatapelekwa sekondari mwezi wa kwanza. Bibi yule hakuwa anaukejeli muungano. Alikuwa anauliza kuhusu jambo ambalo mgombea aliyekuwa mbele yake hakujishughulisha nalo hata siku moja.

Kwa hiyo kijana wangu, jambo la kwanza: kabla ya fomu, kabla ya kofia na fulana, nenda ukakae kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hauhitaji cheo. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Kwa taratibu unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inasomwa. Nimesema unatakiwa. Viko vijiji ambavyo mwaka unakatika watu hawajaitwa, na hakuna aliyeuliza, maana wote tuko kwenye mikutano ya vyama tukijadili Dodoma. Tawi lenye watu ishirini wanaouliza kwa adabu "mkutano wetu lini?" lina nguvu kuliko tawi lenye bendera ndefu.

Ukifika, kaa na daftari. Wakati mtendaji wa kijiji anasoma, andika namba. Usisimame siku hiyo hiyo kumwaga moto. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa na hamu ya kumuumbua mwenyekiti aliyenishinda. Nikasimama, nikadai fedha za ushuru hazionekani. Mtendaji akafungua ukurasa wa nyuma, zilikuwapo. Sikuwa nimesikiliza, nilikuwa natunga sentensi yangu. Aibu ile ilinifunza kusubiri mikutano miwili ndipo niulize, na kuuliza kitu kimoja tu.

Jambo lingine, na hapa ndipo wengi tunapopotea: jua ufunguo uko kwa nani. Mwenyekiti wa kijiji hana lami. Barabara za huku tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya vijijini tangu 2019 yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chini yake kipo chombo cha watumia maji chenye kamati yake. Huku juu hakuna mto wala chemchemi, maji yanasukumwa kwa mashine kutoka mabondeni. Mashine ikilala, dumu moja linakuwa na bei ya kutukanisha. Mgombea anayeahidi kuleta maji akiwa mwenyekiti wa kijiji anaahidi mali ya mwingine. Salfa na mzani wa korosho viko AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na huko juu yake. Mwambie mtu ukweli huu kwenye kampeni na utashangaa: hawakukimbii. Wanakuuliza, "Sasa wewe utafanya nini?" Hilo ndilo swali la kujiandaa nalo.

Jibu lake lipo. Kijiji kina ardhi, na hilo si dogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi, lakini inaikataza kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Kijiji kina muhtasari, yaani kumbukumbu za mkutano zilizoandikwa. Msiudharau muhtasari! Malalamiko ya kwenye baraza la bao huishia kwenye bao. Yakiandikwa kwenye muhtasari wa kijiji, yakasainiwa, yakapelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, diwani anayakuta mezani, na mgeni akija kutoka wilayani kuna kitu cha kumwonyesha. Mimi sasa nikipewa kuchagua kati ya kipaza sauti na nakala ya muhtasari yenye mhuri, nachukua nakala.

Kuhusu anguko la pili nitasema kwa kifupi, maana bado linauma. Mwaka 2019 nilijaza fomu usiku, kwa tochi ya simu, siku moja kabla ya mwisho. Jina la babu nikaliandika tofauti na lilivyo kwenye daftari la wapiga kura. Herufi moja. Nikaenguliwa. Mwaka ule wagombea wengi wa upinzani walienguliwa nchi nzima kwa sababu za kila namna, na nyingi hadi leo sizikubali. Nilikata rufaa, lakini siku zenyewe ni za kuhesabu kwa vidole, na kabla sijajibiwa vyama kadhaa vikatangaza kujitoa, changu kikiwamo. Hata hivyo nikiwa peke yangu najiambia: ile herufi niliiandika mimi. Kwa hiyo chukua fomu mapema, ijaze mchana, mpe mwalimu aisome, toa nakala, na ukiirudisha omba uthibitisho kwamba imepokelewa.

Ndani ya chama nako kuna yake. Kura za maoni huwa na wajumbe wachache, na mjumbe mmoja atakuambia, huku anaangalia pembeni, kwamba "chai" haijapita. Mwaka 2014 niligawa sukari, kilo moja moja. Naandika hili kwa aibu. Niliwagawia kumi na wanne, na kura nilizopata kutoka kwao hazikufika nane. Waliokula walikuwa wamekula na kwa mwenzangu. Zaidi ya kuwa ni kosa kisheria, ni biashara mbovu.

Halafu akina mama. Nisiseme sana, lakini tawi linalowakumbuka siku ya kupika tu litakuwa linapika mpaka kiama. Tulipomfanya mama mmoja muuza maandazi kuwa mtunza hazina wa tawi, ada za wanachama zilianza kukusanywa kweli, kwa sababu wote tulikuwa tunadaiwa naye maandazi tayari.

Lakini kubwa kuliko yote, usigeuze jirani kuwa adui. Shemeji yangu ni kiongozi wa tawi la upande wa pili. Baada ya uchaguzi ule wa 2014 hatukusalimiana miezi kadhaa. Dada yangu alikuwa anapita katikati yetu kama mtu anayevuka barabara ya magari. Tukafiwa na mjomba. Makaburini majembe yalikuwa machache, tukajikuta tunapokezana jembe moja, yeye anachimba, mimi natoa udongo. Hakuna aliyeomba radhi. Alisema tu, "Shemeji, huku kuna mawe, anza pembeni." Tangu siku ile tukiwa na jambo la kijiji tunakutana kwake au kwangu kabla ya mkutano, tunakubaliana lipi linaulizwa na nani anauliza. Viongozi wetu wa wilaya wakijua watatufukuza wote wawili.

Na ni kwa njia hiyo jambo la salfa lilisogea. Siku hizi inagawiwa kwa daftari la wakulima lenye idadi ya mikorosho ya kila mtu. Kila mwaka kulikuwa na manung'uniko: fulani ana miti kumi kapata mifuko kama wa mia, fulani kahamia Dar jina lake bado linakula. Mimi na shemeji tulipanga kuomba kitu kimoja tu kwenye mkutano mkuu: daftari lisomwe kwa sauti, jina na idadi ya miti. Tuliamua tusimtuhumu mtu. Akaanza yeye kuomba, mimi nikaunga mkono, na kwa kuwa hawajazoea kutuona pamoja, mwenyekiti alikosa pa kukataa.

Kusoma kulichukua karibu saa mbili. Ukifika kwa marehemu, watu wanasema "Inna lillahi", jina linawekewa alama. Mzee mmoja aliposomewa miti mia tatu akainuka mwenyewe kusema si kweli, ana mia na arobaini, nadhani aliogopa kucheka kwa watu kuliko kupoteza mifuko. Tukafika kwa yule bibi wa mwembeni. Miti 12.

"Mia na ishirini," akasema, hata hakusimama. "Aliyeandika alichoka kwenye sifuri."

Ilirekebishwa, ingawa ilibidi niende mara tatu na nakala ya muhtasari mkononi, na mara moja kati ya hizo nilikuta ofisi imefungwa. Msimu uliofuata mifuko yake ilikuja ya kutosha. Nilipompelekea habari nilimkuta anamenya ming'oko, viazi vyetu vya porini, akanipa bakuli nile.

Nikamtania kwamba sasa kura yake naijua iko wapi.

"Kura?" akasema. "Kura nimempa shemeji yako tangu zamani. Wewe lete muhtasari."