Mwanangu, kuhusu kinu cha nyanya yako

Lubumbashi, Kamalondo

Mwanangu mpenzi,

Unasema umemwota nyanya yako akitwanga kinu kitupu, na mwenzako wa saikolojia akakujibu papo hapo: kinu ni tumbo la mwanamke, kwisha. Unaniuliza kama ishara ya ndoto ina maana moja tu.

Hapana. Hata Freud mnayemsoma, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, hakuanza hivyo. Kitabu chake cha tafsiri ya ndoto kilitoka Novemba 1899, ingawa jalada liliandikwa 1900. Humo alimtaka mwotaji mwenyewe aseme kila linalomjia kuhusu kila kipande cha ndoto. Ishara zenye maana moja kwa watu wote alizipa nafasi kubwa zaidi katika matoleo ya baadaye, na bado alionya zisichukue mahali pa maneno ya mwotaji.

Basi turudi kwako. Kinu kile kilikuwa na ufa, marehemu mama yangu akakifunga kiunoni kwa waya wa shaba. Wewe ulikaa chini ukiokota majani ya sombe, yale ya muhogo, yaliyoruka, ukililia mchi, naye anakwambia mikono yako bado. Tangu tumzike hakuna aliyetwanga humo. Mwenzako angeyajuaje hayo?

Mwaka 1965 mwanafalsafa Mfaransa Paul Ricœur alitoa kitabu kizito juu ya Freud. Kwake, ishara ni pale ambapo maana ya kwanza inabeba nyingine. Kuifasiri kuna njia mbili: moja inashuku na kuchimba kurudi utotoni na kwenye tamaa, na hapo alimweka Freud pamoja na wanafalsafa Marx na Nietzsche, nyingine inategea sikio kule ishara inakokuita. Nampendea kwamba hakumfukuza Freud. Alitaka njia zote mbili zifanye kazi juu ya ishara ileile.

Kwa hiyo mwenzako hakukosea kusema tumbo. Amekosea kusema kwisha. Wewe mwenyewe umeandika mwishoni, kama jambo dogo, kwamba huko Kinshasa unapika sombe ya kununua, iliyosagwa kwa mashine, na haina ladha ya nyumbani. Mimi ningeanzia hapo.

Kinu kiko nyuma ya nyumba, kuku wanalala ndani. Nitakiosha kabla hujaja likizo. Lakini niambie kitu kimoja ambacho hukuandika: nyanya yako alipotwanga, ulisikia mchi ukilia, au alitwanga kimya?

Baba yako