Ukiingia kamati ya viwango vya vihisi, ogopa neno "hiari"

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya viwango vya vihisi visivyotumia waya, mtakuja mmejiandaa kubishana kuhusu redio. Redio ilishamalizwa. IEEE 802.15.4, kiwango cha redio ndogo zisizokula umeme mwingi, ilitoka mwaka 2003, na wengi tunajenga juu yake: chaneli 16 kwenye GHz 2.4, kilobiti 250 kwa sekunde, fremu (kifurushi kimoja cha data hewani) isiyozidi baiti 127. Hizo baiti 127 zishike kichwani. Mtu akileta wazo zuri la usalama au la anwani, muulize kwanza litakula baiti ngapi. IPv6, kanuni ya anwani na pakiti za intaneti, inadai njia iweze kubeba pakiti ya baiti 1280. Watu wa IETF, wanaoandika viwango vya intaneti, walipotaka kuipitisha humo, ilibidi wabane vichwa vya pakiti na kuzikatakata vipande. Ndiyo RFC 4944, waraka wao wa mwaka 2007.

Ugomvi wenyewe uko ghorofa ya juu, kwenye kanuni zinazokaa juu ya redio. Tazameni viwango vya vihisi vya viwandani: WirelessHART ilitoka 2007, ikawa kiwango cha kimataifa, IEC 62591. ISA100.11a ikafuata 2009, nayo ikawa IEC 62734. Wachina wana WIA-PA, IEC 62601. Zote tatu zimekaa juu ya redio ileile, lakini kipima presha cha huku hakielewani na lango (kifaa cha kuunganisha vihisi na mtandao) la kule. ISA, chama cha wahandisi kilichotoa ISA100.11a, iliunda kamati ndogo ya kuunganisha mbili za kwanza, haikufua dafu. Wala si kwamba wahandisi walishindwa hesabu. Vifaa vilishauzwa na kufungwa kwenye mitambo, sasa nani akubali chake ndicho kife? Kwa hiyo hoja ya muungano iletwe kabla bidhaa haijafika sokoni. Baada ya hapo mtakunywa chai nyingi tu.

Sasa hiyo "hiari", yaani kifungu kinachomwachia mtengenezaji achague. WirelessHART ilikata shauri: kipande cha muda, yaani zamu ya kutuma, ni milisekunde 10, basi. ISA100.11a ikaacha nafasi ya kuchagua. Waliochagua uhuru walikuwa na sababu, maana mitambo haifanani, lakini kila mlango wa kuchagua ni mlango wa vifaa viwili kutoelewana. Yalinikuta mwenyewe: vifaa viwili vya watengenezaji tofauti, vyote vimefaulu majaribio, nimeviweka meza moja, kimya. Siku mbili nilikuwa nalaumu antena. Kumbe kila mmoja alikuwa amechukua hiari yake, na waraka ulimruhusu. Tangu hapo nikisoma rasimu, naanza kwa kuhesabu "inaweza" kabla ya kugusa michoro. Hiari nyingi zimezaliwa jioni, wajumbe wamechoka na pande mbili hazikubaliani, basi kila upande unaandikiwa cha kwake.

Mkitoa maoni, msiandike "kifungu hiki hakieleweki." Mhariri atakipita. Andikeni namba ya kifungu, kasoro yake, kisha sentensi kamili mnayotaka iwekwe, kwa lugha ya waraka wenyewe. Yangu ya kwanza kukubaliwa ilibadili neno moja tu, "inaweza" ikawa "lazima", na ilikula vikao vitatu.

Wa Nairobi na Dar msisubiri nauli. KEBS na TBS zina kamati za kiufundi, ulizeni ipi inashughulikia mawasiliano. IETF haina uanachama wala ada ya kujiunga na orodha zake za barua pepe. Someni miezi miwili mkiwa kimya, mjue nani hukasirishwa na nini, ndipo mwandike.